Mlango Wenye Namba Saba

Mimi ni mtu wa kushuku, na nasema mapema ili mtu asije akanishangaa baadaye. Mteja akija kwenye meza yangu pale Soko la Toi, ninakouza nguo za mitumba za watoto, akaanza kwa kunisifu, naweka mkono juu ya mkoba. Mwuza maziwa akinipimia kwa ukarimu, nayaonja kwanza. Mume wangu husema nilikosa kazi ya polisi kwa bahati mbaya tu.

Kwa hiyo watu wa utafiti walipokuja Kawangware kutega panya, mimi ndiye niliyetoka nje kuwauliza. Tunaishi karibu na kituo cha matatu kiitwacho 46, upande unaoelekea Riruta, kwenye ploti ya vyumba vya mawe. Walikuwa vijana wawili, wapole, wamevaa glavu. Wakanieleza kwamba kuna virusi vipya vinavyotoka kwa wanyama na kuhamia kwa watu, na wao wanataka kuvijua kabla havijasambaa. Panya wakatiwa kwenye visanduku, visanduku vikatiwa kwenye gari, gari likaondoka. Nimezaliwa Nairobi na nimeishi na panya maisha yangu yote, ila sikuwahi kuona panya akipanda gari zuri namna ile.

Jirani yangu akasema wanapelekwa kuuzwa ng'ambo. Nikamwambia hakuna nchi iliyopungukiwa na panya. Lakini moyoni nilibaki nikijiuliza kwa nini watu wanaotaka kutusaidia waanze na panya wetu, na choo chetu kimejaa tangu mvua za kwanza.

Haukupita muda nikasikia wameingia Kibera, na huko hawakutaka panya. Walitaka watu.

Mama yangu anaishi Kibera, kwenye ploti aliyoachiwa na babu yangu. Sisi ni Wanubi. Wazee wetu waliletwa huku kama askari, wakaambiwa waishi kwenye msitu uliokuwapo, na tangu hapo kila kizazi kimekuwa kikisubiri mtu wa kuja kusema ondokeni. Ndiyo maana kwetu mtu akitokea na kopo la rangi nyekundu hatumwulizi anatafuta nini. Alama nyekundu kwenye nyumba tunaijua, na tunalijua tingatinga linaloifuata. Watafiti wale hawakujua hilo. Walipita chumba hadi chumba, wakachukua ute wa pua za watu kwa kijiti cha pamba na damu kidogo mkononi, kisha wakaandika namba nyekundu kwenye kila mlango.

Mama aliwakubali kwa sababu moja tu: waliongozana na mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke ambaye Mama alimfundisha kusuka vitanga vya ukili. Lakini kuwakubali si kuwaamini. Alinipigia simu jioni ile, na jambo lililomkera halikuwa damu wala rangi. Aliwapikia chai, akawawekea na gurusa, zile chapati zetu nyembamba, na hakuna hata mmoja aliyegusa. Walisema sheria za kazi haziwaruhusu kuvua barakoa ndani ya nyumba ya mtu. Mama akasema mtu anayeweza kuondoka na damu yako ilhali chai yako inamshinda, huyo ana lake jambo. Niliona amesema kweli tupu.

Lazima nieleze pia kwa nini neno utafiti linanikausha mate. Wakati wa korona baba yangu alishikwa na kikohozi. Wakaja watu waliovaa meupe kutoka kichwani hadi miguuni, wakamweka kwenye gari la wagonjwa, wakasema watatupigia. Wakatupigia kutwambia tuje makaburini. Tulisimamishwa mbali, nyuma ya utepe, tukaona mfuko ukishushwa kwa kamba. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiosha maiti mtaani kwetu. Aliwaosha matajiri na maskini, aliwaosha watoto wachanga, na wengine aliwaosha bila familia zao kumwambia ahsante. Yeye alizikwa bila tone la maji kutoka mkononi mwetu. Mama hakulia siku ile. Alikaa na ndoo mpya aliyokuwa ameinunua kwa kazi hiyo, na ndoo ile hajaitumia mpaka leo.

Tangu hapo niliapa kwamba hakuna gari litakalomchukua mama yangu nikitazama.

Sasa, kuna jambo la milango. Kwetu Kibera mwenye ploti akigombana na mpangaji hapotezi wakati kwa maneno mengi. Anamwita fundi, mlango unang'olewa, na mpangaji anabaki na pazia. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo lilivyo, na mama yangu ni mwenye ploti kama wengine. Kwenye chumba cha mwisho cha ploti yake kulikuwa na msichana wa Kiluhya mwenye mtoto anayenyonya. Baba wa mtoto alikuwa ameenda kutafuta kazi na utafutaji wake haukuisha. Siku chache baada ya watafiti kupita, msichana huyo alimwaga maji ya kufulia mbele ya kizingiti cha Mama, Mama akateleza nusura avunje kiuno, wakarushiana maneno, na fundi akaitwa. Kufikia jioni baridi iliingia, Mama akamfikiria yule mtoto, akaona haya, akamwita fundi tena amwekee mlango. Alinisimulia yote kwenye simu huku akijitetea, nami nikacheka, nikasema hata polisi humkamata mtu kisha wakamwachia. Sikuuliza zaidi. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Asubuhi waliporudi watafiti nilikuwa Toi nikifungua mzigo. Mama alinipigia, sauti imeshuka.

"Wamekuja," akasema. "Wanasema niende nao."

Nilimwachia jirani meza na kwenda kwa miguu, karibu nikimbie. Gari jeupe lilikuwa limesimama barabarani kwa sababu haliwezi kuingia vichochoroni. Mbele ya nyumba ya Mama nilimkuta daktari kijana na nesi, sio wale wa kwanza, wote wamefunika nyuso. Majirani walikuwa wamejaa na kila mmoja ana lake. Mama alikuwa ameketi kizingitini, amejifunga mtandio kiunoni kama mtu anayejiandaa kupigana.

Daktari akanieleza. Kwenye sampuli ya nyumba hii wameona kirusi ambacho hawakijui vizuri. Mgonjwa anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa, kisha mapafu yakabana ghafla. Wanataka akae mahali pa kutazamwa, na kuna dawa inayojaribiwa ambayo wangependa kumpa, kama atakubali.

Nikamwuliza inajaribiwa kwa nani. Akasema kwa watakaokubali. Nikamwuliza kama inafanya kazi. Akasema hajui bado, ndiyo maana inajaribiwa. Jibu hilo nililichukia, ingawa leo nikilikumbuka naona lilikuwa jibu la mtu asiyesema uongo. Wakati ule nilisikia neno moja tu, kujaribiwa, na nikaiona kamba ikishusha mfuko.

Nikamwambia daktari kwamba mama yangu hana homa wala hakohoi. Juzi alipanda ngazi kufunga mabati mwenyewe. Nikamwambia kama wamekosa wazee wa kujaribia dawa, waanze na wa kwao. Majirani wakaguna kuniunga mkono. Daktari hakupandisha sauti. Akasema anaelewa, akamwita Mama shosho, na hilo nalo likanichoma, maana hakuwa mjukuu wake.

Kisha nesi akainama kidogo kwa Mama na kusema, "Na yule mtoto anayenyonya, tunaweza kumwona? Yeye pia tungependa kumpima."

Mama aliwahi kunyonyesha, ndiyo, na mtoto mwenyewe ni mimi, mwenye miaka arobaini na zaidi na mvi za kutosha.

"Mtoto gani?" nikauliza.

Nesi akamtazama daktari. Daktari akasema sampuli haziandikwi majina, kwa ajili ya siri za watu. Zinaandikwa namba ya mlango, na kama ni mwanamke, mwanamume au mtoto. Waliochukua sampuli waliwaambia kwamba mlango huu una mama anayenyonyesha. Akaonyesha mlango kwa kidole. Namba saba, nyekundu, wazi kabisa.

Hapo nikaugeukia mlango kwa mara ya kwanza tangu nifike. Ulikuwa wa mbao ngumu, mzuri, bawaba zake mpya. Mlango wa Mama ninaoujua mimi ulikuwa umeoza chini, paka alikuwa akipita. Nikaufungua nitazame upande wa ndani. Kulikuwa na karatasi iliyochunwa nusu, tangazo la mkutano wa injili, mikono miwili imeinuliwa na nusu ya uso wa mhubiri. Mama yangu amehiji. Mhubiri huyo hakuingia nyumbani kwake kwa miguu yake.

Nikamtazama Mama. Aliinamisha macho.

"Wa kwangu ulikuwa umeoza," akasema polepole. "Fundi aliporudi nikamwambia huu aniwekee mimi, yule msichana apewe ule wangu. Kwani kuna ubaya gani, milango ni yangu yote."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa nimekuja tayari kuwakamata wezi. Nilikagua macho yao, gari lao, maneno yao, na hila ilikuwa kwenye bawaba zetu wenyewe. Na kumbe majibu ya kipimo chao yalikuwa ya mtu mwingine, aliyelala upande wa pili wa ploti nyuma ya mlango uliooza, ambaye hakuna aliyemwona akitoka asubuhi ile.

Nakiri kwamba nilichofikiri kwanza si kizuri. Nilifikiri: basi, wa kwetu amepona, na yule si wangu. Ningeweza kusema hapa hakuna mtoto, mmekosea, kwaherini. Wangeondoka. Majirani wangenipigia makofi.

Mama ndiye aliyesimama. Alijishika ukutani, akamkabili daktari. Nilidhani ataomba radhi. Hakuomba.

"Akifa huko," akasema, "nani atamwosha?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia kwamba hatakufa, kwamba tusiwe na wasiwasi, kwamba watatupigia.

"Nyinyi," daktari akasema. "Tutawavalisha glavu na magauni, tutasimama nanyi, lakini mtamwosha nyinyi. Hatutamzika mtu bila watu wake."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akapita katikati ya majirani hadi chumba cha mwisho, akabisha kwenye mlango wake mwenyewe.

Msichana alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, mtoto mapajani. Alikuwa akivuta pumzi kama aliyetoka mbioni. Aliposikia sauti ya Mama alianza kujitetea, anasema maji sikumwaga tena, mama, naapa. Sijawahi kumwonea mama yangu haya na huruma kwa pamoja kama nilivyofanya hapo. Mama akamwambia habari ya maji imekwisha. Akamweleza mwenyewe, kwa maneno mepesi kuliko ya daktari: una ugonjwa mpya, hawaujui, dawa yao hawana hakika nayo, lakini wana hewa ya kukusaidia kupumua na sisi hatuna. Chagua.

Msichana akauliza mtoto atabaki na nani.

Nesi akasema mtoto lazima aje, apimwe, na inatakiwa mtu mzima wa kumshika wakati mama yake anatibiwa. Akatuangalia wote tuliosimama pale. Kila mtu akawa na jambo la kutazama kwingine. Mimi pia.

"Nipeni barakoa," Mama akasema.

Nilimzuia. Nilimshika mkono mbele za watu, nikamwambia Baba alikwenda na gari kama lile, nikamwambia mtoto huyu si damu yetu, nikamwambia mengi. Nilikuwa naogopa na sikuona aibu kusema. Akaniacha nimalize. Akasema Baba alikwenda peke yake, na hilo ndilo linalomuua yeye Mama kila siku tangu hapo.

Basi niliwasindikiza mpaka barabarani. Msichana alibebwa kwenye machela, Mama nyuma na mtoto mgongoni na chupa ya chai mkononi, sijui aliichukua saa ngapi. Alipanda gari lile mwenyewe, bila kusukumwa. Nikasimama dirishani nikiwa bado natafuta neno la kumshusha.

Akateremsha kioo kidogo. "Mwite fundi," akasema. "Mlango wake urudi kwake kabla hatujarudi."

Nilimwita fundi. Nilisimama juu yake kama askari, nikihesabu misumari, maana fundi huyo naye simwamini. Mlango wa Mama uliooza ukarudi nyumbani kwake, na ule mzuri wenye namba saba na nusu ya mhubiri ukarudi chumba cha mwisho.

Mama alikaa nao muda wote. Mtoto hakuwa na kitu. Msichana alipewa ile dawa. Kama ndiyo iliyomponya au ni hewa au ni Mungu, daktari alisema hajui, na mimi nimeacha kumchukia kwa kusema hivyo. Watafiti bado wanakuja, na mimi bado nawauliza sampuli zinakwenda wapi, nani anazihifadhi na tutaambiwa nini. Siku hizi namba wanaiandika ukutani.

Siku waliyorudi nilikuwa nikiwasubiri kizingitini kwa Mama, nimeshika ufunguo wa kufuli jipya la chumba cha mwisho. Msichana alipita polepole, amekonda, mtoto akiwa mgongoni kwa Mama. Alifika mwisho wa ploti akasimama. Aliupitisha mkono kwenye mbao, akausukuma mlango akaona ile karatasi ndani, akageuka kututazama. Mama alijifanya anamfunga mtoto vizuri. Nikaenda nikampa ufunguo.