Karatasi za Paskazia

Asubuhi ya mwisho waliyokunywa chai pamoja, Paskazia alimwekea mumewe Masele michembe ya moto, viazi vile vikavu anavyovipenda, akamwuliza kama kawaida yake: "Baba Jonathan, leo dagaa unafungia karatasi gani?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Jioni moyo wa Paskazia ukasimama. Masele anashukuru waliachana wanacheka.

Utani ule ulikuwa na kisa chake. Mwaka juzi Najat, binti wa jirani hapo Mkolani, alisimama mkutanoni akasema wanawake wanaoanika dagaa wasifukuzwe mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Akawekwa mahabusu. Kesi ikapigwa kalenda miezi saba.

"Mtoto hawezi kuozea ndani kwa ajili yetu," alisema Paskazia, naye mwanika dagaa. Akaandikiwa barua ya kuomba Najat aachiwe, akanunua wino, akazunguka mwalo mzima. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Watu mia moja, karatasi tano.

Akaziacha gengeni, mumewe alipouzia dagaa. Masele hakusoma, kwake karatasi ni ya kufungia dagaa. Paskazia aliporudi, zote tano zilikuwa zimeshaondoka na wateja.

"Mama Jonathan, mbona zilikuwa chafu, zimejaa madole!"

"Chafu? Wewe mzee wewe! Umemfungia Najat ndani!"

Kulipokucha Masele akaanza kuzitafuta kwa wateja nyumba kwa nyumba, kofia mkononi. Alianza kwa Odeta, fundi cherehani.

"Shikamoo mzee. Karatasi yako hii hapa. Tumeisoma, na sisi tumeweka madole huku nyuma. Wino hatuna, tumetumia masizi ya sufuria."

Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Karatasi ya tano ilikuwa imefika mpaka Usagara kwa shemeji wa mtu, ikarudi haina pa kuweka hata kidole cha mtoto.

Zilipofikishwa ofisini kwa mkuu wa wilaya zilinuka dagaa, karani akafungua madirisha yote. Lakini alihesabu: watu mia tatu na kitu. Wiki mbili baadaye Najat akaachiwa.

Siku hiyo mwaloni ndoo ziligeuzwa ngoma. Masele naye alicheza, goti lake bovu akalisahau. Najat akamkumbatia Paskazia, akauliza: "Mama, watu wote wale umewapataje?"

Paskazia akamsukuma mumewe mbele.

"Wangu ni mia tu. Hao wengine muulize mzee huyu. Kusoma hajui, ila dagaa wake wanafika kila nyumba."