Chuo Kilichong'olewa Mlango

Mimi skuli niliishia darasa la nne, na chuoni, kwenye Qur'ani, nilifika juzuu ya Amma tu. Aliyenikatiza ni mwalimu mwenyewe. Siku baba aliponipeleka kwake, Mtoni, alimwambia kama walivyosema wazazi wote: nyama ya mtoto ni ya mwalimu, yeye baba atataka mifupa tu. Mwalimu akaichukua nyama. Alikuwa akinituma ndani kwake nimletee maji, kisha ananifuata na kufunga mlango. Mkewe alisikia, akapandisha redio. Nilipomwambia baba, alinirudisha kwa fimbo. Wazee wa msikiti wakasema mtu wa Kitabu havunjiwi heshima. Wote hao nawataja, na sijawasamehe.

Kwa hiyo binti yangu aliposema, "Mama, nipelekee mtoto chuoni," nilikataa wiki nzima.

"Basi akue hajui hata Alhamdu?"

Hapo akanishinda. Nikamwambia, "Ntakwenda, lakini nikiona mlango umefungwa, nnarudi naye."

Chuo chenyewe kiko Mwanakwerekwe, ubavuni mwa nyumba ya mwalimu. Mwalimu ni mwanamke, mdogo kuliko binti yangu. Tukaamkiana, akanikaribisha kwenye benchi. Mimi macho yanatafuta mlango. Fremu ipo, bawaba zipo, mlango hakuna.

"Mlango wenu uko wapi?"

"Umeukalia, Bi mkubwa."

Kweli. Benchi limeungwa kwa mbao za mlango, komeo bado limo.

Sijui nini kilinivuta ulimi. Nilifungua mdomo kumkabidhi mjukuu wangu, yakatoka yale yale ya baba: "Haya mwalimu, nyama yako..."

Hakuniacha nimalize. "A-a, Bi mkubwa! Nyama yako, mifupa yako, na hizo nywele zisizochanika pia zako. Mimi namsomesha tu."

Watoto wakacheka.

Kisha akamwita mtoto mmoja wa kike. "Kaniletee miwani yangu ndani."

"Peke yangu siendi, mwalimu."

Nikajikunyata, nangoja fimbo. Mwalimu akajipiga paji la uso. "Ahsante, nimesahau. Nendeni wawili."

Wakaenda watatu, wanagombania nani ataibeba.

Subhanallah. Mtoto kamkatalia mwalimu mbele ya watu, na dari haikuanguka. Umri wote huu nilidhani neno lile chuoni halisemeki. Kumbe linasemeka, tena linashukuriwa! Nikawa nalirudia kimoyomoyo, siendi, siendi, kama mtu anayehifadhi sura.

Mjukuu wangu alikwishavua viatu, kakaa mkekani na wenziwe. Sikumkabidhi kwa neno lolote, wala sikumchukua.

"Unamsubiri, Bi mkubwa?"

"Namsubiri."

"Basi sogea, usikie vizuri."

Nikasogea na benchi langu. Wadogo walianza alifu. Wale wakubwa walikuwa kwenye Amma, na midomo yangu, bila ya kuniuliza, ikawafuata.