Jani la Dirishani

Mjukuu wangu amepanda mmea mfupi wa majani manene dirishani, huku mtaa wa Tuwan, mjini Kitale. Jana jani moja lilianguka mezani. Nililitazama tu.

Mama alikuwa na mmea kama huo ndani ya mkebe, kwenye shamba la mzungu nje ya Kitale, ambako baba alikuwa kibarua. Baba alipokufa tuliambiwa tuhame. Mkebe ulibaki. Mama alichuma jani moja, akalifunga kwenye pindo la leso.

Tulihamia kwa mjomba, kijijini Sirisia, na huko mama aliliweka dirishani bila udongo, bila maji.

"Si ulipande, mama?"

"Hili hatulipandi huku. Si tunarudi?"

Mvua ilinyesha, ikaisha. Mahindi ya mjomba yakavunwa. Jani lilisinyaa, halafu likatoa mizizi myembamba kama uzi, ikining'inia hewani, na kichipukizi kidogo kama punje ya wimbi.

Asubuhi moja nilimkuta mama amechuchumaa nje, anajaza udongo kwa kijiko kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Hakulia. Alilipanda lile jani, akanawa mikono, akaniambia nimwite mjomba aje atuonyeshe mahali pa kujenga.