Nyasi za Paa Tulizozipeleka Kibaoni

Harufu ya nyasi kavu za kuezekea hunirudisha kijijini kwetu, karibu na Majimoto, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba alizikata nyasi hizo kiangazi chote, akazifunga mizigo na kuisimamisha nyuma ya nyumba, maana paa letu lilikuwa limeoza kiasi cha kuona mawingu ukiwa umelala kitandani. Baba alikuwa katekista. Habari ilipokuja kwamba askofu atatoa kipaimara Kibaoni, na kwamba waamini wajenge kibanda cha ibada, aliitoa mizigo yote. "Tumwezekee Mungu kwanza," alisema. "Mvua bado."

Bibi, mama yake baba, alitazama upande wa Ziwa Rukwa akaguna. Dalili ya mvua ni mawingu. Hakubishana na mwanawe, aliniita mimi. "Mume wangu," alisema, kwani ndivyo bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, "Jumamosi wakiondoka, wewe ubaki tuhamishie mbegu ya mpunga jikoni. Kule hakuvuji." Nikamwahidi.

Ahadi ni deni, lakini Jumamosi trekta lilipofika na tela limejaa wanakwaya wakipiga ngoma, nilidandia. Bibi alisimama mlangoni. "Haya, nenda kaoe huko," alisema. Tela zima likacheka, nami nikacheka.

Mvua ilinyesha jioni ile ile. Kibanda cha Kibaoni hakikuvuja hata tone, na baba alisifiwa. Tuliporudi Jumapili tulimkuta bibi kwa jirani, amelazwa mkekani. Alikuwa ameliburuta gunia la mbegu peke yake, akateleza kwenye tope la sakafuni, nyonga ikaumia. Mbegu yote ililowa. Aliponiona alitabasamu.

"Mume wangu amerudi. Mlipewa wali?"

Nikamjibu ndiyo, na nyama.

Majirani walitugawia mbegu, Mungu awabariki, lakini bibi hakutembea tena bila fimbo. Leo mimi pia ni katekista, nyumba yangu ni ya bati na matofali ya kuchoma, na wanangu hawajui hata kufunga mzigo wa nyasi. Kosa lile niliungama, nikapewa maondoleo, nami nashukuru. Ila bibi aliishi miaka sita mingine, tukila sahani moja, na hakunikumbusha ahadi ile hata siku moja. Mimi nikaona heri, nikanyamaza.