Viatu vya Kukimbia

Nyumbani kwao Emilienne hawakuvaa ngozi ya nyama yoyote. Si ya mbuzi, si ya ng'ombe, si ya swala. Mwiko huo ulianza kwa babu yake mzaa baba, na sababu yake babu alikufa nayo. Waliobaki waliushika tu, kama mtu anavyoshika jembe alilorithi bila kuuliza lilinunuliwa wapi. Siku ya harusi yake, pale Wamaza, bwana harusi, Mwalimu Marcellin, alileta viatu vyeusi vya ngozi alivyovifuata mpaka Kasongo. Emilienne akavitazama, akavirudisha ndani ya boksi, akaingia kanisani na viatu vya plastiki vya rangi ya maziwa, vile vyenye matundu. Mawifi walicheka mpaka padri akageuka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Mimi nimeoa mutu, sikuoa miguu," na neno hilo likasemwa kijijini miaka mingi.

Miguu ile ilitembea sana. Huko kwao mtu hahesabu umri kwa miaka peke yake, anahesabu pia kwa kukimbia. Kukimbia kwa kwanza, wakati wa waasi, Emilienne alikuwa mgongoni mwa mama yake. Kukimbia kwa pili alikuwa yeye mwenye kubeba, Clovis mgongoni, na Laura, binti yake mkubwa, akitangulia na sufuria kichwani. Kukimbia kwa tatu Laura alishikwa na kuhara msituni, akazikwa hukohuko kando ya njia, chini ya mti ambao baadaye hakuna aliyeweza kuutambua. Kukimbia kwa nne hakuna cha kusimulia: walikwenda, walirudi, walikuta mlango hauko. Ukimtamkia mtu wa Wamaza neno hilo, kukimbia, hakuulizi unakimbilia wapi wala kwa nini. Anauliza, "Wamefika wapi?"

Kwa sababu ya Laura, Mwalimu Marcellin alikuwa na ombi moja katika uzee wake. Kifua chake kilikuwa kimeharibika. Yeye alisema ni chaki ya miaka thelathini na nane. Kwenye kituo cha afya walisema ni moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na muuguzi akamvuta Emilienne pembeni, akamwambia amrudishe mzee nyumbani ampe anachopenda. Marcellin alisikia, maana masikio yake hayakuwa na ugonjwa.

"Ninachopenda ni kufia humu," alisema walipofika, akiupiga ukuta wa udongo kwa kiganja. "Na munizike nyuma ya nyumba, pale penye michikichi. Sitaki kuzikwa njiani, Mama Clovis. Mmoja wetu aliyelala njiani anatosha."

Emilienne akamwahidi. Hakuwa mwanamke wa kuahidi ovyo.

Clovis wakati huo alikuwa Ulaya, katika mji wa baridi, anafanya kazi kwenye duka la viatu. Siku moja mama yake alipanda kilima cha mtandao, pale tu simu iliposhika, akasimuliwa kwa simu ni viatu vya namna gani: vya mchezo na vya kutembelea, vya kupendeza, ambavyo hakuna kitu chochote ndani yake kilichotoka kwa nyama. Kuna watu huko, alisema Clovis, hawali nyama, hawanywi maziwa, na hata mguuni ngozi hawaitaki. Siku ya kwanza ya kazi alimwambia bwana wa duka, "Mama yangu iko vile vile," na yule bwana akamtazama kama mtu anayetania. Emilienne alishuka kilima akicheka peke yake. Kumbe mwiko wa babu ulikuwa na ndugu Ulaya.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Amuri, mwenye pikipiki wa Kabambare, alisimama mbele ya nyumba bila kuzima injini. Alikuwa na boksi lililopita mikono mitano kabla ya kufika kwake.

"Mama Clovis, mutoto wako alinipigia jana. Anasema ni viatu vya kukimbia."

"Vya nini?"

"Vya kukimbia. Anasema usiviweke. Usingoje misa, usingoje sikukuu. Uvae leo leo. Halafu mtandao ukakatika."

"Hakusema neno lingine?"

Amuri akafikiri. "Anasema hakuna nyama ndani. Hata gundi yake haina mfupa."

Mwalimu, kwenye kiti chake cha kamba, alicheka mpaka akakohoa. "Viatu bila nyama. Hapa kwetu hata sufuria iko bila nyama."

Amuri alicheka naye, akatazama wingu jeusi lililokuwa linapanda upande wa Kabambare, akaondoka kwa kasi kuku wakatawanyika. Alikuwa anaiwahi mvua. Emilienne hakuona mvua. Aliona mwanaume anayeondoka mbio baada ya kutoa habari.

Alifungua boksi. Viatu vilikuwa vya kijani cha ndizi mbichi, kitambaa chake chepesi chenye vitundu kama chujio, kamba za rangi ya machungwa, soli nyeupe nene inayobonyea. Ukivishika ulikuwa kama hujashika kitu. Alipotea kidogo katika uzuri wake, akavigeuza, akavinusa. Kisha Marcellin akauliza, "Na vyangu?"

Akatafuta chini ya karatasi. Akatikisa boksi.

"Jozi moja," akasema Marcellin. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Mutoto amehesabu vizuri."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Mara ile ya mwisho, si yeye aliyepiga simu siku mbili mbele? Wao kule habari inawafikia kabla yetu. Anasema viatu vya kukimbia, vaa leo leo, na ametuma vya mutu mmoja. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaifanya." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nenda, Mama Clovis. Mimi nitabaki. Wakikuta mwalimu mzee kwenye kiti watamfanya nini? Watampa daftari asahihishe?"

"Sikuachi."

"Uliniahidi nitalala hapa."

"Niliahidi kukuzika. Sikuahidi kukuacha uuawe kama kuku."

Hapo ndipo alipokata shauri, na tangu siku hiyo hajapata wa kumgawia shauri hilo. Alimwita jirani yao Aristote, aliyefundishwa na Mwalimu kusoma na kuandika. Aristote aliuliza tu, "Wamefika wapi?" Emilienne akamwonyesha viatu, akamwambia maneno ya Clovis, na Aristote hakuuliza tena. Yeye na wadogo zake watatu walikata mianzi, wakafunga kiti cha kamba juu yake, ikawa tipoi, machela ya kubebwa mabegani. Kilima cha mtandao hakuna aliyekikumbuka; nyumba sita za jirani zilifunga mizigo. Nyingine zilisema zitaangalia kwanza. Saa sita mchana Marcellin alitolewa nje amebebwa. Akiwa juu ya mabega ya watu aliweka kiganja kwenye ukuta wake, akakiacha pale mpaka tipoi ikasonga na ukuta ukambaki nyuma.

Njia ya Kasongo ilikuwa matope. Kandambili za wengine zilibaki humo, watu wakatembea pekupeku. Emilienne peke yake alitembea kama aliye juu ya godoro. Katika maisha yake yote ya kukimbia, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza miguu yake kutouma, na jambo hilo lilimtesa kuliko kuchubuka. Kila mara mume wake alipoguna kwa mtikisiko wa tipoi, yeye alijisikia anatembea vizuri.

Jumatano asubuhi walipumzika penye daraja la miti. Marcellin aliomba aonyeshwe kiatu. Emilienne akavua kimoja, akampa. Akakibonyeza, akakikunja, akapitisha kidole kwenye soli.

"Hii iko soli ya mchezo," akasema. "Wazungu wa misioni walikuwa na viatu namna hii, vya mashindano. Kazi nzuri." Akamrudishia kiatu, kisha: "Mama Clovis. Mutoto alisema kukimbia. Je, alisema vita?"

"Usipoteze pumzi."

"Ninauliza. Alisema vita?"

"Amuri alisema mtandao ulikatika. Nyamaza, Baba Clovis, tutaongea Kasongo."

Alikivaa, akafunga kamba, akawaambia vijana wanyanyue. Toka pale mpaka nyumbani ilikuwa nusu ya siku.

Usiku huo mvua ilinyesha, wakajibana kwenye kibanda cha shambani kisicho na ukuta upande mmoja. Alhamisi Marcellin hakuongea. Jua lilipokuwa linazama, katika kijiji ambacho Emilienne hakumjua mtu hata mmoja, alifungua macho, akatazama mapaa ya watu wengine, akauliza, "Tumefika nyumbani?" Hakungoja jibu. Ijumaa wenyeji waliwapa mahali nyuma ya kanisa lao dogo, na Aristote na wadogo zake wakachimba. Alizikwa njiani.

Kasongo waliikuta inauza samaki wa Nyangwe kama siku zote. Emilienne aliuliza sokoni waliokimbia wamewekwa wapi. "Waliokimbia nini, mama?" aliuliza mwenye samaki, na alikuwa anauliza kweli. Aliuliza wa pili na wa tatu. Ndipo Aristote akatoa simu yake na kumtafuta Clovis.

"Mama, vinakutosha?" Ndilo lilikuwa neno la kwanza.

"Vinanitosha."

"Umevaa kweli, ao umeviweka ndani ya sanduku?"

"Nimevaa."

Clovis akacheka kwa furaha. "Nilijua utaviweka. Njo maana nilimwambia Amuri uvae leo leo. Ni vya mchezo, Mama, vinafaa kwenda shamba pia. Huku asubuhi watu wanavaa hivyo, wazee kwa vijana, wanakimbia, wanazunguka bustani, wanarudi nyumbani kuoga."

"Wanamkimbia nani?"

"Hapana mutu. Wanakimbia tu."

Emilienne aliketi juu ya kreti la chupa mbele ya duka la mtu.

"Na Baba? Vyake sikutuma, ulisema miguu imevimba. Anasema nini?"

Yote yalikuwa tayari mdomoni: wingu, boksi, jozi moja, daraja. Alikuwa anahitaji kufungua mdomo tu yatoke. Aliona pia yatakapofika: kwa kijana aliye peke yake katika mji wa baridi, ambaye kila asubuhi angekwenda kazini kusimama katikati ya viatu.

"Baba yako alivishika mkononi," akasema. "Alisema kazi nzuri." Hilo lilikuwa kweli. "Clovis, kaa chini. Baba yako ametutoka. Alhamisi, jua likizama."

Alimwacha alie. Aristote aligeuka akatazama barabara.

"Alikuwa wapi, Mama?" Clovis aliuliza mwishoni.

"Nyumbani. Kitandani mwake. Mimi nilikuwa nimemshika mkono."

"Mumemzika nyuma ya nyumba?"

"Pale penye michikichi."

"Basi hilo alipata. Alikuwa haongei kitu kingine." Akapenga kamasi. "Umwambie Amuri apige picha ya kaburi, anitumie."

Emilienne akamrudishia Aristote simu yake. "Umesikia Mwalimu alifia wapi?"

Aristote akaitia simu mfukoni. "Kitandani, Mama."

Walirudi Wamaza siku nne baadaye. Jirani mmoja wa kike aliyekuwa ameketi mlangoni, wa zile nyumba zilizosema zitaangalia kwanza, aliita kwa dhihaka, "Mama Clovis, vita wamekwisha kuimaliza?" Kisha akaona mianzi ya tipoi haiko na kiti kimebebwa kitupu, akashika mdomo wake, akainuka.

Emilienne hakuingia ndani. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kulima pale penye michikichi. Alilima urefu wa mtu, akarundika udongo. Majirani walikuja mmoja mmoja wakasimama. Aristote aliwaeleza kwa maneno machache: Clovis asijue. Hakuna aliyebisha. Yule mwanamke wa dhihaka ndiye aliyekwenda kwanza kuleta beseni la udongo, na wengine wakamfuata. Wakalisawazisha kaburi hilo tupu, wakaweka mawe pembeni, Aristote akachonga msalaba na kuandika jina la mwalimu wake kwa mkaa, herufi zikisimama wima kama alivyofundishwa.

Amuri alipokuja aliambiwa la kusema na asilopaswa kusema. Alikuwa amekonda uso. "Mama, mimi nilisema tu alivyonituma," akanong'ona. "Najua," alijibu Emilienne. "Piga picha."

Jioni walipanda kilimani pamoja, picha ikaondoka. Hawakungoja sana. Simu ililia, na Clovis, sauti imekauka, akasema ameliona kaburi, ameona mawe, ameona hata michikichi ya utoto wake.

"Baba amelala pazuri, Mama."

"Pazuri," akasema Emilienne.