Viti Vilivyotuponza

Nilisikia viti kabla sijamwona mtu yeyote. Miguu ya mbao ilikuwa ikigongana, ko, ko, ko, na wanawake wakihimizana njiani nyuma ya soko la Migori, huku ukungu wa asubuhi ukiwa umelala juu ya mto kiasi kwamba huwezi kutofautisha ng'ombe na kichaka. Kisha viti vikatokea, vimepinduliwa juu ya vichwa, miguu juu, na chini ya kila kiti palikuwa na mama mmoja wa jirani anayetembea kwa madaha kana kwamba amebeba harusi.

Mgeni alikuwa anakuja. Kwetu hilo linatosha kueleza kila kitu, lakini kwa asiyetufahamu nitaeleza.

Darasa letu lilikuwa katika nyumba ya zamani ya kusagia mahindi. Mashine ilikuwa imeuzwa, mwenyewe akahama, na harufu ya unga ikabaki kwenye kuta kama mpangaji asiyetaka kuondoka. Tuliosoma pale tulikuwa vijana ambao shule zilitutema. Wengine tulitemwa kwa sababu ya karo, kama mimi. Wengine walitoroka wenyewe kwenda kuchimba dhahabu, wakarudi na vikohozi na mikono mitupu. Wasichana kadhaa walifukuzwa mara tu matumbo yao yalipoanza kuonekana. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke aliyezaliwa Kendu Bay, akaolewa Migori, akafundisha shule ya msingi mpaka akachoka kuwaona watoto wakirudishwa nyumbani. Alifungua mlango wa nyumba ile akasema anayetaka kusoma aingie. Hakuna aliyemlipa. Tulimwita Mwalimu tu, na jina hilo lilimtosha.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, tulitaka kitu kimoja: tuandikishwe kwa mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa binafsi. Ada ya mtihani ndiyo iliyotushinda. Shirika moja lenye ofisi mjini Homa Bay lilikuwa likitoa ruzuku kwa miradi ya elimu ya vijana, na Mwalimu akaandika ombi. Wakajibu kwamba kabla ya kuamua wangekuja kutuona.

Kuonwa na mgeni, kwetu, ni kazi ya mtaa mzima. Siku za kawaida tulikalia mbao zilizolazwa juu ya matofali, tukaandika tukiwa tumeinama kama watu wanaopalilia. Lakini mgeni haonyeshwi matofali. Mhubiri alitoa viti vyake vyenye mito myekundu. Wanawake walileta vitambaa vyeupe walivyofuma wenyewe, wakavitandika kwenye kila mgongo wa kiti. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye duka la nguo alileta zulia, akalikunjua kwa mkono wake, akatutazama mmoja mmoja.

"Mkimwaga soda hapa," alisema, "nitawafundisha hesabu ambazo mwalimu wenu hazijui."

Tulicheka, tukafagia mara nyingine. Kuku alichinjwa. Mashati yalipigwa pasi ya makaa. Tulipoketi, tulionekana kama kamati ya benki.

Wageni walikuwa wawili: mama mmoja wa Ulaya kutoka makao makuu ya shirika, na afisa wa miradi wa Homa Bay, kijana wa kwetu mwenye tai na viatu vilivyoogopa vumbi. Yule mama aliketi kwenye mito myekundu, akapapasa kitambaa, akasema jambo kwa Kiingereza cha pole. Afisa akatafsiri.

"Anauliza, hivi ndivyo mnavyokaa siku zote?"

"Ndiyo," Mwalimu alijibu. "Karibu sana."

Angejibu nini kingine? Kwetu humwambii mgeni kwamba kiti alichokalia kimeazimwa. Ukimwambia, atainuka, na umemwinua wewe kwa mdomo wako. Bora useme uongo mdogo, mgeni akae. Yule mama alitikisa kichwa polepole, akaandika, akala kuku, akashukuru, wakaondoka. Sisi tulirudisha viti huku tukiimba. Tuliamini tumefaulu.

Jibu lilipokuja, lilikuwa la mistari michache. Mradi wetu ulikuwa mzuri, walisema, lakini haukuonyesha uhitaji.

Mwalimu alilisoma mbele ya darasa, akalikunja. Mchimba dhahabu mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Mwalimu, kumbe sisi ni matajiri na hatujui?" Darasa zima likaangua kicheko, kicheko chenye meno.

Baada ya hapo yule afisa alituma habari kwamba bado angeweza kuliokoa ombi letu. Mwalimu aende ofisini Homa Bay, na wanafunzi wawili. Mwalimu alinichagua mimi kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Wa pili alikuwa msichana niliyekaa naye ubao mmoja. Tulimwita Nyar Sindo, yaani binti wa Sindo, kwa desturi yetu ya kumwita mwanamke kwa kule alikotoka. Wazazi wake wote wawili walizikwa huko Sindo, kando ya ziwa, na shangazi yake akamchukua Migori. Alifukuzwa shule akiwa mjamzito, na sasa alikuja darasani na mtoto wake mgongoni. Hakuna aliyeutaka mtihani ule kama yeye. Alikariri kemia akimnyonyesha mwanawe. Alisahihisha kazi zangu bila kuombwa, na kwa dharau kidogo.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la madawa, na dirisha lake lilitazama ziwa. Magugu maji yalikuwa yamefunika ufuo wote, kijani kibichi, hata ukadhani unaweza kutembea juu yake mpaka ng'ambo. Afisa alitupokea vizuri. Alituagizia chai na mandazi. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo bila kumtetea.

"Japuonj," alimwambia Mwalimu, akitumia neno letu la Kijaluo la mwalimu, kwa heshima, "mlijiponza wenyewe. Mito myekundu! Zulia! Yule mama aliniuliza kwenye gari kama tumekosea njia tukaingia kwa chifu."

"Tulimkaribisha mgeni," Mwalimu alisema.

"Mlimkaribisha, naye ameenda na pesa zake." Akasogeza kiti karibu. "Sikilizeni. Mimi ni wa hapa, nawatakia mema. Tutaliandika upya ombi. Hili litakuwa darasa la mayatima. Nitakuja na kamera, mkae chini, viatu mvue. Na kila mwanafunzi awe na hadithi yake fupi." Akanigeukia. "Wewe, omera, ndugu yangu, tuanze na wewe. Baba yako?"

"Yuko."

"Yuko wapi?"

"Migori. Anaziba pancha za baiskeli karibu na daraja."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi."

Akacheka kwa kweli, akafuta macho. "Sawa, yuko. Lakini kwenye karatasi, hayuko. Ni karatasi tu. Hatasikia."

Baba yangu alikuwa na kelele nyingi na mapato machache, na tuligombana karibu kila siku, lakini alikuwa hai. Kwetu, mtu hai haliliwi. Ukimtangaza amekufa unamwitia kifo, nacho kina masikio mazuri kuliko ya afisa yeyote. Sikuwa na maneno ya kumwambia hayo kwa ufasaha. Nilisema tu, "Siwezi."

"Huwezi?" Akamgeukia Mwalimu, uso wake sasa umekaza. "Japuonj, mliazima viti mkasema ni vyenu. Nilijua, nikanyamaza. Mmeweza kudanganya kwa viti, leo mnashindwa kudanganya kwa karatasi?"

Nilidhani amemshika. Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Ule ulikuwa uongo wa kumkalisha mgeni," alisema. "Huu wako ni wa kumlaza mtu mwenye uhai. Usiniwekee hayo mawili kwenye sahani moja."

"Bila hivyo hakuna mtihani."

"Nimekusikia."

Nimewasikia wengi wa aina yake tangu siku hiyo. Hata katika vikao vya watu wa vitabu kuna anayenishika bega na kuniambia niandike machozi zaidi, kwamba machozi ya huku kwetu yana soko. Kila mara namwona baba akiinama juu ya beseni la maji, akitafuta mapovu ya tundu, akitukana mwiba. Huyo ndiye nitakayemwandika. Anayemtaka maiti akamtafute kwingine.

Afisa akamtazama Nyar Sindo. Mtoto wake alikuwa amelala juu ya mapaja yake, mkono mmoja ukishika kipande cha andazi alichopewa na Mwalimu.

"Wewe, dada yangu," alisema kwa sauti laini, "wewe huhitaji kudanganya chochote. Yako ni kweli tupu. Keti hapo dirishani na mtoto, nikupige picha moja, kisha unieleze siku mama yako alipokufa. Hawa wakikataa, wakatae. Ada yako wewe italipwa. Nakuahidi."

Nilijua alichokuwa anakipima Nyar Sindo, kwa sababu nilikuwa nimemwona akiandika tarehe za mtihani kwenye kiganja chake kwa kalamu, akizipaka tena kila zilipofifia. Mwalimu pia alijua. Alimgusa goti.

"Nyathina," alisema, mwanangu, "ukitaka kukaa, kaa. Hakuna atakayekusema."

Nyar Sindo hakumtazama. Alimtazama afisa.

"Huo mtihani," aliuliza, "una swali la jinsi mama yangu alivyokufa?"

"Hapana. Swali kama hilo litatoka wapi?"

"Basi kwa nini niulizwe kabla ya kuingia?"

Nyar Sindo akauweka vizuri mkono wa mtoto.

"Mama yangu nilimlilia Sindo," alisema, "mbele ya watu waliomjua. Kilio kile kilikwisha. Uyatima wangu ni wangu. Siwaazimi hawa, na kwako siuzi."

Mwaka ule hakuna hata mmoja wetu aliyeandikishwa. Tuliendelea kukutana katika nyumba ya kinu, tukasoma kwa ajili ya mtihani ambao wengine waliufanya bila sisi katika shule iliyo pale juu barabarani, na kengele ya shule ile tuliisikia. Watu wameniuliza kama haikuwa kiburi cha maskini. Labda. Maskini naye ana haki ya kiburi chake, na sijaona tajiri anayeombwa avue viatu vyake kwanza.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale ofisini, Nyar Sindo alisimama, akamweka mtoto mgongoni, akainama kidogo ili atulie, akafunga leso kifuani kwa mafundo mawili. Mandazi yake hakuyagusa. Mwalimu nami tulikuwa bado tumeketi, chai ikipoa mbele yetu.

"Oriti," alimwambia afisa, neno lile lile tunaloagana nalo sokoni, bila hasira. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka tukasikia kitasa kikiingia mahali pake.