Shangazi Aliyeipa Skrini Kisogo

"Nikalisheni nimeipa skrini kisogo, mnifunge na kitambaa machoni mkitaka, na bado nitawaambia hii ni ile ya sinemani au ni ile ndefu. Nikikosea, humu ndani sitafungua tena mdomo, hata wa kupiga miayo."

Maneno hayo aliyatoa shangazi yangu, fundi cherehani, mbele ya watu sitini na kitu, Jumamosi moja alasiri, katika ukumbi ambao siku nyingine hutumika kwa mikutano ya wazazi. Hakuyasema kwa sauti ya chini. Shangazi hana sauti ya chini. Miaka ishirini ya kushindana na mlio wa cherehani ilimmalizia hiyo.

Aliyemfikisha hapo ni Profesa. Profesa si profesa. Anabadilisha vioo vya simu kwenye kibanda kilicho mkabala na kituo cha mafuta, na jina hilo alijipa mwenyewe. Tulilikubali kwa sababu kumbishia kulichukua muda mrefu kuliko filamu. Kwa miaka minne yeye ndiye alikuwa mzungumzaji wa ukumbi. Kila Jumamosi, kabla ya filamu, anasimama mbele robo saa kutueleza tutakachokiona, na ikiisha anasimama tena kutueleza tulichokiona, asije mtu akaondoka na maoni yake mwenyewe. Ugonjwa wake ni filamu za kutisha za anga za juu, zile ambazo watu wanapanda chombo wakiwa sita na anashuka mmoja, naye hana mkono.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Tangi la Sita. Ni filamu ambayo kila mtu mtaani kwetu ameiona mara tatu, au anadanganya kwamba ameiona. Chombo kinabeba maji kwenda makazi ya mbali, matangi sita, wafanyakazi sita, na ndani ya tangi la mwisho kuna kitu kinagonga. Wengine tunaishia hapo, tunaogopa, tunakwenda nyumbani. Profesa haishii hapo. Profesa alikuwa na diski mbili, moja ya toleo lililoonyeshwa sinemani, nyingine akidai ni toleo refu, limezidi kwa dakika tano.

"Na dakika tano hizo," alituambia huku amefumba macho kama anayeonja mchuzi, "ndizo zinazoifanya filamu ipumue."

Shangazi alinyoosha mkono. Alikuwa ameunyoosha pia Jumamosi iliyopita, na iliyoitangulia, bila kuonwa.

"Dakika tano zipi, baba?"

"Hayo ni mambo ya kuhisi, dada. Mtu aliyezoea kupima viuno atapata tabu kidogo."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo nimeshaliomba msamaha. Ndipo shangazi akasimama, akasema yale ya kisogo.

Sasa, mtu asiyemjua angedhani ni hasira tu. Lakini duka la shangazi ni chumba kimoja, mlango upande mmoja na soketi upande wa pili. Cherehani lazima ikae mlangoni, kwenye mwanga, maana uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauna huruma. Televisheni lazima ikae kwenye soketi, maana waya wake ni mfupi. Kwa hiyo tangu ainunue, televisheni imekaa mgongoni kwake. Shangazi ameona filamu chache sana maishani. Alizozisikia ni mamia.

Na ndiyo sababu akachagua za kutisha. "Za mapenzi zinataka uangalie nyuso," huwa anasema. "Za kutisha zinataka usikilize mlango."

Tangi la Sita aliijua kwa kazi za mikono. Kuna mahali ambapo mpishi wa chombo anaandaa meza, na sahani zinalia moja moja: saba. Wafanyakazi ni sita, sahani ni saba, hakuna anayesema lolote, kisha mlango wa chuma unajifunga. Kutoka sahani ya kwanza hadi mlango, shangazi anamaliza kubadilisha zipu ya suruali. Siku moja mteja akasahau diski mfukoni mwa suruali aliyoileta, shangazi akaiweka icheze. Sahani zikalia saba. Zipu ikaisha. Mlango haukujifunga. Badala yake mtu akakohoa, akauliza, "Ya nani hii ya saba?" Shangazi alijichoma sindano, akageuka. Mpishi alikuwa anaeleza kwamba huwa anamwekea sahani mwenzake aliyefia safari iliyopita.

Hilo lilikuwa toleo refu la kweli, limezidi kwa dakika ishirini na mbili. Mteja alipoifuata suruali yake alimwona shangazi jinsi alivyonogewa na filamu ile, akamwachia diski. Tangu hapo daftari la vipimo lina pande mbili. Mbele ni mabega, viuno na urefu wa mikono ya watu. Nyuma ni filamu: ipi imekatwa wapi, ipi imeongezwa nini, na kama nyongeza ilistahili au ni kitambaa kilichobaki tu, fundi akaona haya kukitupa.

Huyo ndiye mtu aliyeambiwa atapata tabu kidogo.

Mwenye ukumbi, mama mmoja mwalimu mkuu mstaafu anayetawala kila kitu kwa kengele, alipanga shindano liwe Jumamosi inayofuata. Masharti aliyaandika ubaoni. Diski mbili zisizo na alama, robo saa kila moja, sehemu ileile. Fundi anaeleza ipi ni ipi. Jibu la Profesa linakaa kwenye bahasha. Akishinda fundi, ndiye mzungumzaji mpya wa ukumbi. Akishindwa, amejihukumu mwenyewe.

Nyumbani, mume wa shangazi, fundi bomba, mtu wa maneno machache kwa sababu mengine yameshachukuliwa, alimwambia wakiwa mezani, "Mama watoto, ungeahidi kitu kingine. Kunyamaza hujawahi kujaribu."

"Ndiyo maana sitashindwa."

Lakini wiki ile alishona sketi moja ndani nje. Ukumbi ule kwake haukuwa mahali pa kupitisha saa. Siku sita anaulizwa, "Itakuwa tayari lini?" Siku ya saba alitaka kuulizwa jambo lingine.

Jumamosi watu walijaa hadi kwenye ngazi. Shangazi alikalishwa mbele, anatutazama sisi, skrini nyuma yake. Kitambaa cha macho alikikataa dakika ya mwisho, si kwa woga. Alitaka kupiga pindo la sketi ya shule.

"Mikono yangu ikikaa bure, masikio nayo yanalala," alimwambia mwenye ukumbi.

"Mwache ashone," akasema Profesa kwa ukarimu. "Atahitaji kazi."

Diski ya kwanza ikaanza, kuanzia meza ya mpishi. Sahani zikalia saba, mlango ukajifunga. Sindano ya shangazi ilikwenda na kurudi bila wasiwasi. Robo saa ikaisha, kengele, diski ya pili. Sahani zikalia saba. Mlango ukajifunga. Hapo sindano ikasimama.

Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza jirani ukutani. Sisi tuliokuwa tunatazama hatukuona tofauti yoyote. Yeye alikuwa amesikia sauti ya mpishi imeshuka kidogo, imekuwa nzito, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Na sahani zilikuwa zimeachana kidogo zaidi.

Baadaye alituambia kilichomsimamisha. Alishajua kilichoandikwa kwenye bahasha. Hiyo yenye sauti nzito ndiyo Profesa aliyoiita ndefu, hakuna ubishi. Ilibaki aseme maneno mawili tu, "ya pili," apigiwe makofi, akabidhiwe jukwaa. Tatizo ni kwamba haikuwa kweli.

Kengele ikalia. "Fundi, jibu lako."

"Zote mbili ni ileile ya sinemani," akasema shangazi.

Mwenye ukumbi akafungua bahasha, akasoma bila kuongeza wala kupunguza: ya kwanza ni ya sinemani, ya pili ni ndefu. Mumewe shangazi akaanza kukagua viatu vyake.

Profesa alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Dada yangu, hakuna aliyekulazimisha. Ukumbi ni wako, karibu kila wiki. Utakaa, utatazama, utapumzika."

"Nilisema nikikosea," shangazi akajibu, naye hakusimama. "Nitajie tukio moja lililomo kwenye ndefu yako, halimo kwenye nyingine. Moja tu. Hata mtu akijikuna. Ukilitaja, naondoka na kiti changu hiki."

"Si suala la matukio. Ni pumzi."

"Pumzi ya nani?" mtu akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Pumzi kwa jumla," akasema Profesa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikamwona anatafuta neno.

Shangazi akainua ile sketi, tuione. "Nikitaka kuirefusha hii, ninaongeza kipande. Nikiongeza, kuna mshono, hata niufiche vipi. Toleo refu la kweli lina mishono, mimi naijua mahali ilipo. Hii ya Profesa haina mshono hata mmoja. Kitambaa ni kilekile, kimevutwa. Filamu ni ileile, inatembea polepole. Ndiyo maana mpishi ana sauti ya mafua."

"Hayo ni maneno," akasema Profesa.

"Ni maneno," akakubali shangazi. "Mama, ile televisheni ya ofisini kwako inafanya kazi?"

Ilibebwa na watu wanne, ikawekwa kando ya skrini. Diski moja huku, nyingine kule, zote zikaanzishwa kwa pamoja kwenye sahani ya kwanza. Mwenye ukumbi akavua saa yake, akaishika mkononi kama enzi za mitihani. Sahani ya saba ililia karibu sawasawa. Dakika ya pili, ile ya Profesa ikawa nyuma kidogo, kama mwangwi. Dakika ya tano, mtu anapigwa kwenye skrini, kisha anapigwa tena kwenye televisheni, na watu wakaanza kucheka, jambo ambalo filamu ile haikuwahi kusababisha. Mtu alipofungua tangi, sisi sote tulimpigia kelele wa televisheni asilifungue, maana tulishaona yatakayompata.

"Kama kungekuwa na kipande kimeongezwa," akasema shangazi, bado amezipa zote kisogo, "ingechelewa mara moja, ghafla, hapo penye kipande. Kisha zingekwenda sawa. Hii inachelewa kidogo kidogo, kila dakika sawa na nyingine. Hebu semeni kama naongopa."

Haongopi. Kufikia dakika ya kumi, tofauti ilikuwa sekunde ishirini na tano, na hatukuwa tumeona jambo hata moja upande huu lisilokuwapo upande ule. Mwenye ukumbi alikwenda ubaoni, akapiga hesabu kwa chaki, urefu wa filamu nzima kwa sekunde hizo, akapigia jibu mistari miwili.

"Dakika nne na sekunde arobaini," akasema. Kisha akamgeukia Profesa, mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la nne. "Hizo ndizo dakika tano zako, mwanangu."

Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Watu walipiga makofi, walipiga viti, mumewe shangazi alipiga mluzi ambao hatukujua anao. Mtu mmoja aliita, "Fundi, nipime na mimi," akaambiwa na mkewe akae chini. Profesa alibaki amesimama na kifungo chake. Kwa miaka minne alikuwa ametulinganishia filamu na filamu hiyohiyo, tena akitueleza kwa nini ya pili ni bora.

Kwa haki yake, hakutoka nje. Alipoweza kusikika aliuliza, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua, "Sasa ndefu ya kweli ikoje?"

Nadhani shangazi alikuwa amelisubiri swali hilo kwa muda mrefu. Aliweka sindano kwenye kola ya blauzi yake, akasimama.

"Ile ya sinemani, sahani ya saba haielezwi," akasema. "Unakwenda nayo nyumbani, unahesabu sahani zako mwenyewe. Ile ndefu, mpishi anaeleza, na hofu inakufa palepale. Lakini akija kuuawa yeye, utalia, maana umemjua. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ndefu ndiyo kamili. Fupi inakutisha, ndefu inakuliza. Aliyekata alijua anachokitupa, na aliyerudisha alijua anachokiharibu."

Alizungumza dakika arobaini. Hakuna aliyetoka, hata wa kwenye ngazi. Aliulizwa kuhusu zile za mitambo inayoota nywele, zile za wanasayansi barafuni, zile za sayari yenye sauti, na kila moja alijua imekatwa wapi na kama mkasi ulikuwa na akili. Profesa aliketi mstari wa tatu. Mara mbili alinyoosha mkono. Mara zote mbili shangazi alimwona.

Jumamosi iliyofuata tulitazama ndefu ya kweli, kutoka kwenye diski ya shangazi. Alisimama mbele kwa gauni jipya la bluu alilojishonea mwenyewe, na mpishi alipokufa kulikuwa na wanaume watu wazima waliodai wameingiwa na vumbi. Wiki ya tatu mwenye ukumbi alikodi viti arobaini zaidi. Wiki ya nne walikuja watu kutoka mtaa wa pili, na bango la mlangoni likachorwa upya, maandishi ya njano: FUNDI ANAZUNGUMZA.

Kiingilio cha kawaida ni mia moja. Akizungumza fundi, ni mia mbili.